Ndugu wa Tembo Katika Msitu wa Pugu

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, huamka saa kumi alfajiri, nikajaza upepo magurudumu ya baiskeli na kuishika Barabara ya Nyerere kabla daladala hazijaimiliki. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Kisarawe ni takribani kilometa 30, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina cha kusimulia: maghala, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na vumbi lake. Ukishapita Pugu Kajiungeni ndipo mlima unapoanza na hewa inapopoa. Nikiwa ninahema hapo hukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, alipokuwa akifundisha Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, ilimlazimu kuishuka na kuipanda njia hiyo kwa shughuli za TANU, naye hakuwa na gia kama zangu.

Wengi wetu jijini huchangishana fedha kwenda Mikumi kumwona tembo. Mimi humfuata ndugu yake Pugu. Ninamkusudia sange, mnyama wa nusu kilo hivi, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, mgongo mweusi upande wa nyuma na rangi ya kutu upande wa mbele. Kwa umbo ungemdhania panya, lakini wataalamu wa nasaba za wanyama wamethibitisha kwamba yu karibu zaidi na tembo kuliko panya.

Sange haonekani kwa anayekimbilia picha. Baada ya kulipa kiingilio huikokota baiskeli kwa mkono hadi pale ambapo majani makavu yamelala mazito, kisha husimama kimya, wakati mwingine nusu saa nzima, huku kima wakirushiana maneno juu ya miti. Kwanza husikia mchakacho unaokatika na kuanza tena, kwa kuwa hufukua majani kwa pua akitafuta wadudu. Ndipo pua yenyewe hujitokeza, ikitetema. Akishtuka, hutimua mbio na kutoweka, nami hubaki nikitazama majani.

Msitu huo una pia komba wa Rondo, wa gramu 60 tu, miongoni mwa komba wadogo kabisa duniani. Huyo sijamwona, maana hutoka usiku, na barabara ile usiku siitaki.

Jumapili iliyopita, nikiwa ninateremka, cheni ilichomoka. Aliyesimama kunisaidia alikuwa mzee mwenye baiskeli ya chuma, nyuma imefungwa magunia mawili ya mkaa yaliyompita kimo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akairudisha cheni kwa kijiti bila kuchafua vidole. Alisema mkaa ule umetoka mbali, mbele ya Kisarawe. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu jikoni kwangu pia kuna jiko la mkaa, na misitu hii ya pwani imeliwa na majiko kama langu kwa miaka mingi.

Kabla ya kuondoka aliitazama baiskeli yangu tupu, akauliza nimepeleka nini Kisarawe. Nikamjibu kwamba nilikwenda kumtazama sange.

“Sange?” akasema. “Mbona hata nyama hana!”

Akaisukuma baiskeli yake, akapanda, nami nikamfuata nyuma hadi Gongo la Mboto, nikishindwa kumpita.