Tani 50 kamili, ekseli imezidi: kupanga saruji kwenye semi-tela

Lori linaweza kufika mizani ya Vigwaza au Mariakani likiwa na tani 50 kamili, na bado likazuiwa. Jumla iko sawa, ekseli (mhimili wa magurudumu) imezidi. Hili huamuliwa ghalani wakati wa kupakia, na dereva hulikuta barabarani.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye difu mbili (ekseli za nyuma zinazosukuma gari) zenye tairi nane, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye tairi kumi na mbili. Ukijumlisha unapata 50. Tela yenye tairi moja pana kila upande wa ekseli ina kikomo cha chini zaidi, usiichukulie kama hii.

Tuchukue hosi (kichwa kinachovuta tela) ya tani 9, matangi yakiwa yamejaa: tani 5.2 mbele, 3.8 kwenye difu. Tela tupu ni tani 7: mbili zinalalia hosi, tano ziko kwenye ekseli zake. Sakafu ina mita 12.5, kingipini (pini inayounganisha tela na hosi) iko mita 1 kutoka mbele, na kutoka kingipini hadi ekseli ya kati ya tela ni mita 8. Magari hayafanani, kwa hiyo pima lako kwa futi kamba na mizani kabla ya kutumia tarakimu hizi.

Hesabu yenyewe ni fupi: uzito wa mzigo, mara umbali wa kitovu cha mzigo kutoka kingipini, gawa kwa zile mita 8 za kingipini hadi ekseli ya kati. Jibu ndilo linaloongezeka kwenye ekseli za tela.

Pakia tani 34 za saruji, mifuko 680 ya kilo 50, kwa kimo kimoja kuanzia mbele hadi nyuma. Kitovu kinakaa mita 5.25 kutoka kingipini, na tela inabeba tani 22.3 za mzigo. Ongeza zile 5: tani 27.3. Umezidi kwa tani 3.3 huku difu zikiwa na nafasi.

Ukisogeza mzigo mbele hadi tela isome 24, hosi inapokea tani 17 kutoka kwenye tela. Sahani ya hosi, inapokaa kingipini, ikiwa sentimita 40 mbele ya katikati ya difu, na kutoka usukani hadi katikati hiyo ni mita 3.5, difu zinasoma 18.86. Umehamisha tatizo tu. Gari hili halifai kubeba tani 34 hata kama jumla inaruhusu, na mwenye mzigo aambiwe hivyo mapema.

Pakia mifuko 650: 390 kwenye nusu ya mbele ya sakafu, 260 kwenye nusu ya nyuma. Tela itasoma 23.8, difu 17.7, usukani 7.0. Jumla ni tani 48.5, na kila mahali pamebaki nafasi kidogo.

Kuna mtego kwa wanaoshusha njiani. Ukitoa mifuko 200 ya nyuma, difu hazipungui, zinapanda hadi 18.1, kwa sababu katikati ya mzigo wa nyuma iko nyuma kidogo ya ekseli ya kati, na ulikuwa unainua pua ya tela. Baada ya kushusha nyuma, rudisha sehemu ya mifuko ya mbele ikae katikati.

Kanuni hizi zina sababu. Uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12 inaumiza barabara karibu mara mbili.

Hesabu ikiwa sahihi na mizani bado inakataa, kagua springi zilizovunjika na bushi za balansi (vyuma vinavyogawa mzigo kati ya ekseli) zilizoliwa, maana mzigo haugawanyiki sawa kati ya ekseli. Ekseli ya kunyanyua iwe imeshushwa. Juu ya mizani ingia taratibu bila kukanyaga breki, kwani breki husukuma uzito mbele. Pale pa kupimia gari lililosimama, simama polepole, kisha achia breki kabla ya kusomwa.