Nilishusha swappiness hadi 10, kompyuta ikazidi kuganda

Kompyuta ya hapa dukani kwangu Chikongola ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka, ya GB 500. Nimeiwekea mfumo endeshi wa Linux Mint 21. Kazi zake ni za steshenari yoyote: kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Miezi mingi inatosha. Shughuli huanza Oktoba, minada ya korosho ikishafunguliwa na watu wakashuka mjini na makaratasi yao, foleni ikafika nje kwenye benchi.

Msimu uliopita alikuja mzee mmoja wa Nanguruwe. Alitaka barua ya kurekebisha jina, maana kwenye chama chake cha msingi aliandikwa herufi tofauti na zilizo kwenye kitambulisho. Nilikuwa nimeshachapa aya mbili kwenye LibreOffice, Firefox ina kurasa sita wazi, na skana inavuta kitambulisho chake. Nikabonyeza Firefox, mshale ukaganda pale pale. Taa ya diski ikawaka bila kupepesa, na ndani ya boksi ukasikika mkwaruzo kama wa mtu anayekuna nazi.

"Mwanangu, gari ya mwisho hainisubiri."

"Nivumilie kidogo baba, inarudi."

Ilirudi baada ya dakika nne hivi. Barua yake ilikuwa salama, lakini ile sura aliyokuwa nayo akiangalia barabarani iliniuma.

Usiku ule nikafanya kile ambacho karibu kila mtu wa Linux atakuambia: shusha mpangilio uitwao vm.swappiness kutoka 60, ambayo ndiyo chaguo-msingi, mpaka 10, ili kompyuta isikimbilie swapu, ile sehemu ya diski inayopokea data RAM ikijaa. Amri ni moja tu, sudo sysctl vm.swappiness=10. Kesho yake saa nne asubuhi ikaganda tena, na safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha nikafungua terminali na kuacha vmstat 1, amri inayoonyesha hali ya kumbukumbu na diski kila sekunde, ikiendelea pembeni huku nahudumia wateja. Mstari wa kwanza usiuangalie, ule ni wastani tangu mashine iwashwe. Angalia inayofuata, hasa safu nne: "si" ni kinachorudi kutoka swapu, "so" ni kinachopelekwa, "bi" ni kinachosomwa kutoka diskini, "wa" ni asilimia ya muda ambao prosesa imekaa inasubiri diski. Ilipoganda, "si" na "so" zilikuwa karibu na sifuri. Lakini "bi" ilipita 9000 na "wa" ikafika 85. Yaani swapu haikuguswa, na diski bado ilikuwa inakunwa.

Nilikaa na hizo namba mpaka nikaelewa. RAM ikijaa, kerneli, yaani kiini cha Linux, lazima itoe kitu, na vilivyomo ni vya aina mbili. Kuna vitu ambavyo nakala yake ipo tayari diskini, kwa mfano programu yenyewe ya Firefox. Hivyo inavitupa tu, ikivihitaji inavisoma upya. Na kuna vitu ambavyo nakala yake haipo popote, kama ile barua ya mzee niliyokuwa sijaihifadhi. Hivyo havitupiki, vinapelekwa swapu. Swappiness ndiyo inayoiambia kerneli iegemee upande gani. Wengi wanadhani ni asilimia, kwamba 10 maana yake swapu ianze RAM ikibaki asilimia 10. Sivyo. Nilipoweka 10 niliiambia ing'ang'anie data hata ile iliyolala tangu asubuhi, itupe programu. Ikawa inatupa Firefox, inaisoma tena, inaitupa tena. Kwa diski ya kuzunguka, hayo ni mateso.

Dawa niliyoipata ni zram. Hii ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, ila data inabanwa kwanza, na imo kwenye kerneli ya Linux tangu toleo la 3.14, mwaka 2014. Fedora, aina nyingine ya Linux, waliifanya chaguo-msingi kwenye toleo la 33. Kwenye Mint nilisakinisha zram-tools, nikafungua /etc/default/zramswap, nikaweka ALGO=zstd, njia ya kubana data, na PERCENT=50, yaani ukubwa wake uwe nusu ya RAM. Faili la swapu la diskini sikulifuta, limebaki akiba, linaguswa zram ikijaa tu.

Kisha swappiness nikaipandisha. Nimeweka 150. Tangu kerneli ya 5.8 mwisho wake ni 200, si 100 tena, na sababu ni hii hii: kama swapu yako ina kasi kuliko diski, ni bora kerneli ikimbilie huko kuliko kutupa programu. Nimeweka pia vm.page-cluster=0, maana chaguo-msingi 3 huvuta kurasa nane (vipande vidogo vya kumbukumbu) kutoka swapu kwa mpigo, jambo lenye maana kwa diski ya kuzunguka lakini halina faida kwa zram. Zote mbili nimeziandika kwenye /etc/sysctl.d/99-swapu.conf zisipotee nikizima.

Jana, foleni ikiwa ndefu, nilipiga zramctl, amri ya kuonyesha hali ya zram: data ya GB 1.2 imekaa kwenye MB 380. Nikipiga vmstat, "si" na "so" zinarukaruka sana, zingenitisha zamani. Lakini "wa" iko 4, na mshale unatembea.

Ukitaka kulaza kompyuta kwa kuhifadhi kila kitu diskini na kuzima umeme, zram haikufai kwa hilo; bakiza swapu ya diski yenye ukubwa wa kutosha. Mimi silazi, nafunga duka nazima.

Jumamosi naenda Mikindani kwa rafiki yangu mwenye mashine ya GB 2. Nimemwambia asiguse chochote kwanza, afungue tu vmstat 1 siku ya kazi nyingi, anipigie picha ya zile safu nne.