Mlango wa mwaka 1305

Pangani, mtu akichoka kuulizwa habari za nyumba mbovu hukwambia ina majini. Niliyokuwa naifuatilia mimi iko karibu na pale mto unapoingia baharini: ya ghorofa moja, haina paa, na mtini umekaa juu ya ukuta kama mwenye mali. Kijiweni nikauliza ni ya nani. Majini. Na kabla ya majini? Wakacheka, wakaniongezea kashata.

Nilianza na mlango, maana ndio pekee uliokuwa na maandishi. Katikati ya nakshi za juu palikuwa na tarakimu nne za Kiarabu zilizozibwa na chokaa. Nikazisugua kwa mswaki mkavu, nikasoma: moja, tatu, nukta, sifuri. Nikajua fundi alikosea. Nilipompelekea picha maalim wangu wa zamani pale Tanga, aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Miaka yote ile nilikuwa namfundisha nani? Nukta ndiyo sifuri. Hicho kiduara ni tano."

1305 ya Hijria. Ilianza Septemba 1887, ikaisha Septemba 1888. Hapo nikapata wazimu. Agosti 1888 ndipo kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake Pangani, watu wakagoma, vikazuka vita vya Bushiri bin Salim. Desemba 1889 akanyongwa hapahapa mjini. Kwa wiki mbili kila niliyekutana naye nilimsimulia kwamba nyumba yangu (nilishaanza kuiita yangu) iliyaona yote hayo.

Aliyenitoa huko ni seremala mmoja mzee niliyemwomba anitajie aina ya mbao. Mwaka hakuutazama kabisa. Alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya mwimo wa kulia. "Huyu samaki mkia wake uko wapi?"

Milango ya nakshi ya pwani yetu mingi huwa na samaki chini ya miimo, na mnyororo unaopanda juu. Wa kwetu samaki alikuwa na kichwa na tumbo, basi. Chini yake mbao ilikuwa bapa, na ukiinama vizuri uliona mistari ya msumeno. Miimo yote miwili ilikatwa ili mlango uingie kwenye tundu lisilo lake.

"Sasa tazama juu," akasema. Vipande vya dari vilivyobaki havikubebwa na boriti za mikoko. Vilibebwa na vyuma, kama vya reli. Nyumba za kale vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita tatu hivi. Sebule hii niliipima hatua saba. Na vyuma hivyo ndivyo vilivyoiua. Chuma kikila chumvi kinafanya kutu, kutu inafura, ukuta unapasuka kutoka ndani. Nyumba, kumbe, ni changa kuliko mlango wake.

Nikaenda kutafuta jalada la kiwanja. Safari tatu, meza tatu, na kila meza ilinielekeza kwenye ile niliyotoka. Nikaachana nalo, nikavuka kwa pantoni kwenda Bweni, kwa bibi ambaye seremala aliniambia aliwahi kulea watoto katika nyumba ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya majini?"

Alicheka mwenyewe. Akasema baba wa bosi wake, Mhindi wa nazi na mkonge, ndiye aliyejenga, na mlango aliununua kwenye nyumba iliyokuwa inabomoka. Mkonge nikauelewa haraka: Kikogwe, upande uleule wa kusini wa mto, ndiko Mjerumani Hindorf, aliyeuleta mkonge huku kwetu, alikopandia ile miche yake 62 iliyopona kati ya 1,000, mwaka 1893. Familia iliishi ghorofani, chini wakapangisha maduka. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. "Wakaondoka na masanduku mawili. Mama akaniachia sufuria." Wakaja wapangaji, paa likivuja, mtu alihamia chumba cha pili badala ya kuziba tundu. Vilipokwisha vyumba, wakahama wote. Majini yakaingia baada ya hapo.

Nilipoaga akauliza kama birika la uani bado lina maji. Nilikuwa nimeingia mle mara sita, na birika sikuliona.

Jumamosi nikarudi na panga. Lilikuwa nyuma ya ngazi, chini ya majani ya mtini, pana kama kitanda. Lina maji, na vyura.