Kutoka Tanga Hadi Barabara ya Ngong: Kuitafuta Meli Iliyombeba Babu

Babu yangu alikuwa dereva wa malori katika jeshi la Mwingereza. Alipakiwa melini Kilindini, bandari ya Mombasa, wakati wa vita vya pili, akashushwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akapelekwa Burma. Hayo ndiyo pekee ambayo ukoo wetu ulikuwa na hakika nayo, kwa kuwa cheti chake cha kuachishwa jeshi kiliungua pamoja na nyumba, na ofisi niliyoiandikia kuomba faili lake ilinijibu kwa mistari miwili kwamba faili halionekani. Jina la meli hakulitaja kamwe. Alichotuachia ni masimulizi mafupi ambayo aliyarudia miaka yote bila kuongeza wala kupunguza: kwamba zilikuwa meli tano, kwamba upepo uliwapiga usoni tangu siku ya kwanza, kwamba siku ya Jumamosi, wiki moja haijatimia tangu watoke Mombasa, mojawapo ya zile meli, ambayo ndani yake alikuwamo rafiki yake wa utotoni pamoja na akina mama wauguzi wa Kizungu, ilipigwa ikazama kabla watu hawajawahi kusimama, na kwamba meli yao iligeuza njia ikakimbia. “Tuliwaacha majini,” ndivyo alivyomalizia kila mara, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi.

Nilifunga safari nikiwa na maneno hayo tu katika daftari. Basi kutoka Tanga lilijaa kupita kiasi, na mpakani Horohoro wabadilisha fedha wa kando ya barabara walinipa shilingi za Kenya kwa kiwango ambacho hadi leo nikikikumbuka roho inaniuma. Nyumba ya wageni niliyofikia Mombasa ilinitoza bei ya chumba chenye feni, feni yenyewe haizunguki, na nilipolalamika nikaambiwa kwamba wageni wengine huridhika. Siku mbili za mwanzo ziliniishia katika kubisha hodi ofisini kwa watu na kuambiwa nirudi kesho. Bandarini huwezi kuingia bila kibali, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kunipa kibali kwa ajili ya meli iliyoondoka miaka themanini iliyopita.

Mambo yalibadilika nilipokwenda kukaa kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, pale chini ya mibuyu, ambapo mlango wa bahari wa kuingilia Kilindini ni mwembamba kiasi kwamba meli ikipita unaweza kusoma jina lake bila darubini. Karibu yangu alikuwa ameketi mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito, mkongojo wake ameulaza magotini. Nilimwamkia, akaitikia “marahaba, mwanangu,” kisha akaendelea kuitazama meli ya makontena iliyokuwa ikiingia polepole, na tishali mbili zikiiandama. Baadaye aliniambia kwamba alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo maisha yake yote, na kwamba baba yake alifanya kazi iyo hiyo katika magati hayo hayo wakati wa vita, pale Kilindini ilipogeuka kuwa makao ya manowari za Mwingereza za Bahari ya Hindi, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942. Alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya mji na kunikumbusha kwamba hata shule ya Allidina Visram ilitwaliwa na wanajeshi. Ndimo walimokaa wataalamu wa kunasa na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani.

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuwa nimewahi kujiuliza.

“Babuyo alisema upepo uliwapiga wapi?”

“Usoni, mzee. Safari nzima.”

“Basi hiyo ni kaskazi. Chombo kitokacho hapa kwenda Ceylon chaelekea matlai, yaani mashariki, na kaskazi yakijia mbele. Ingekuwa kusi, upepo ungekuwa nyuma yao. Futa miezi yote ya kusi katika daftari lako.”

Nikafuta. Kwa neno moja la babu, ambalo sisi tulilichukua kuwa ni pambo la hadithi, sehemu kubwa ya mwaka ilitoka katika hesabu, ikabaki Desemba hadi Machi. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia nitafute mtu.

“Wewe watafuta mtu katika karatasi,” alisema. “Karatasi za makabwela hutupwa, na za askari Mwafrika zilikuwa za kwanza kutupwa. Tafuta chombo. Chombo kina mwenyewe na kina bima. Kikitia maji kinalipa, kikitia mafuta kinalipa, kikifunga gati kinalipa. Kila kilipotia nanga kuna mtu anayedai pesa zake, na mwenye kudai huandika. Baba yangu hakuwahi kuandikwa jina, alikuwa namba. Lakini kila meli aliyoipakua ilikuwa na jina, kwa sababu lazima mtu alipe.”

Nilimwomba arudie ili niandike. Alirudia kwa subira, neno kwa neno, na alipoona kalamu yangu inasita alingoja. Nimekutana na wasomi wengi katika utafiti huu, lakini hakuna aliyenifungulia njia kama mzee yule, na alikataa hata soda.

Usiku ule nilimwandikia binamu yangu anayesoma London, nikamwomba anisaidie kuifuata meli badala ya mtu. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza iko Kew, na mtu yeyote mwenye kitambulisho anaweza kuingia na kusoma bila malipo, ingawa kalamu ya wino hairuhusiwi. Orodha za askari waliosafirishwa kwa meli wakati wa vita kwa sehemu kubwa hazikuhifadhiwa, na hapo ndipo ndugu wengi hukata tamaa. Lakini meli zenyewe ziliacha alama katika mafungu mengine kabisa. Fungu BT 389 lina kadi za mienendo ya meli za biashara, ambazo zinaonyesha bandari na tarehe. Fungu BT 381 lina mikataba ya mabaharia na madaftari ya manahodha. Ripoti za misafara ya meli zimo katika ADM 199, na shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Asia ya Kusini-Mashariki, vikiwamo vya Afrika Mashariki, zimo katika WO 172. Ukilikosa jina la mtu katika fungu moja, unaweza kukipata kikosi chake katika la pili, na meli ya kikosi hicho katika la tatu.

Tulikuwa na kaskazi, Jumamosi, meli tano, na wauguzi wanawake. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea, na lilinifanya niketi kitandani nisiweze kulala. Msafara unaolingana na maneno yote ya babu ni ule ulioitwa KR 8, uliotoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo. Meli zake zilikuwa Khedive Ismail, City of Paris, Ekma, Ellenga na Varsova, zikisindikizwa na manowari kubwa Hawkins pamoja na Paladin na Petard. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili ya majini, nayo ikazama katika muda wa dakika mbili au tatu. Nilihesabu kalenda nyuma hadi mwaka ule. Tarehe 12 Februari 1944 ilikuwa Jumamosi.

Ndani ya meli ile walikuwamo watu 1,511, na waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, 996 kwa idadi. Zile meli nyingine nne ziliamriwa zitawanyike, kama ulivyokuwa utaratibu, kwa kuwa meli iliyosimama kuokoa ingekuwa shabaha ya pili. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakiogelea manusura, na manowari zikaangusha mabomu ya chini ya maji juu yake huku watu wakiwa bado majini. Ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga ikaharibika yenyewe, na mwishoni Petard ikaizamisha. Nikafahamu kwa nini babu hakuongeza neno juu ya yaliyofuata. Meli yake ilikwisha kwenda. Uzito alioubeba miaka yote ulitokana na amri iliyotolewa kwa nahodha, wala haukuwa wake, na ninasikitika sana kwamba hakuna aliyemweleza hivyo angali hai.

Kutoka Mombasa nilipanda treni hadi Nairobi. Juu ya safari ile sina la kusema ila kwamba tiketi zilikuwa zimekwisha na nililazimika kuahirisha, nikailipia ile feni mbovu usiku mmoja zaidi. Nairobi nilianzia Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, ambako wahudumu walinipokea vizuri na kunitolea ripoti za zamani za wilaya. Humo askari wanatajwa kwa mafungu: wangapi wamesajiliwa, wangapi wamerudi, familia ngapi zimelipwa. Nilipitisha asubuhi nzima nikiwa na matumaini ya kuona jina moja, na sikuliona.

Mchana nilikwenda Makaburi ya Vita, Barabara ya Ngong. Mwendesha pikipiki alinidai mara mbili ya nauli aliyomtoza abiria aliyenitangulia, lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kubishana. Ndani ya uzio mna utulivu na nyasi zilizokatwa vizuri, na humo limejengwa Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, yenye majina ya askari ambao hawana kaburi linalojulikana, wakiwamo waliozama na Khedive Ismail. Mtunza bustani mmoja alipoona nahangaika aliacha reki yake, akanionyesha daftari la majina, akanieleza jinsi safu zinavyopangwa kwa kikosi kwanza, halafu kwa cheo, ndipo zije herufi.

Tulimtafuta yule rafiki wa babu. Hatukumpata kwa jina tulilolizoea nyumbani. Mtunza bustani akanishauri nisome kwa sauti, kwa kuwa, alisema, makarani wa jeshi waliandika walichokisikia. Nikasoma kwa sauti, kidole changu kikishuka mstari kwa mstari, hadi nilipofika kwenye jina lake la kwanza likifuatwa na jina la baba yake lililoandikwa kwa L pale ambapo sisi tunaandika R. Kikosi ni kile cha mizinga, na tarehe ndiyo ile. Kwa zaidi ya miaka sabini ukoo wa watu wale, ambao mashamba yao yanapakana na yetu, umesema kwamba kijana wao alipotea vitani, na wapo waliodai kwamba alioa huko Uhindini akakataa kurudi. Mama yake alikufa akiyaamini hayo.

Kuhusu babu mwenyewe, kazi haijaisha. Najua msafara, na najua kwamba alikuwa katika mojawapo ya meli nne. Kinachokosekana ni namba ya kombania yake, kwa sababu nikiijua nitaweza kuitafuta shajara yake, na huenda mwandishi wa shajara alitaja meli waliyopanda. Shangazi yangu mkubwa anakumbuka alama iliyokuwa kwenye mkoba wa babu, na nimemwomba aichore. Ninawasihi wote wenye wazee waliowasikia askari wa Keya, yaani King's African Rifles, wakisimulia kwamba wasiwaulize jina la meli, kwa kuwa huenda hawakuambiwa. Waulize upepo ulitoka wapi, zilikuwa meli ngapi, siku gani ya wiki, walikula nini, walimwona nani.

Nilipotoka makaburini nilimpigia simu mjukuu wa yule rafiki, ambaye ni mwalimu kule kwetu. Nilimsomea jina lilivyoandikwa, namba ya jeshi na tarehe. Aliniomba nimtumie picha, nikamtumia papo hapo. Baada ya muda mfupi alinipigia yeye, akaniuliza nauli kutoka Tanga hadi Nairobi sasa ni kiasi gani, na kama watoto wanalipa nusu.