Simu ya Forodha, Januari ya Kiza

Unguja haikuwa na umeme tangu tarehe 10 Disemba 2009. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980 baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, ulipata hitilafu upande wa Fumba, na kisiwa kizima kikakaa kizani mpaka mwezi wa Machi. Watu wa nje wakitusikia tunahadithia hudhani taabu yetu ilikuwa taa. Taa tulizoea kuzikosa. Taabu ilikuwa maji, kwani pampu za visima zilikuwa zikienda kwa umeme, na bila ya pampu ukifungua mfereji unasikia upepo tu.

Mtaani kwetu palikuwa na mtu mmoja, sote tukimwita Ami kwa sababu alikua pamoja na baba zetu, mwenye kisima na jenereta. Kila alasiri akiliwasha, akiutoa mpira nje ya ukuta, na watu wakijaza madumu yao bila ya kutoa hata senti. Katikati ya Januari jenereta likaanza kunguruma bila ya kutoa umeme. Fundi akalifungua, akatoa kibao kidogo kinachoenea kiganjani, kimemwagiwa gundi ngumu nyeusi, na kona moja imepasuka na kunuka moto. Mafundi wanakiita AVR. Ndicho kinachodhibiti volteji; kikifa, jenereta zima ni chuma.

Mjini hakikupatikana. Majenereta yote ya kisiwa yalikuwa yakifanya kazi kutwa kucha na spea zilikuwa zimekwisha madukani. Mombasa kilikuwepo. Shemeji yake Ami, anayeishi huko, akakinunua, na rafiki yake mmoja, rubani mwenye Cessna ya injini moja, akasema atakileta mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya wakala wa forodha, Mkunazini. Mkubwa wetu alikuwa mtu mzima aliyeanzia kazi bandarini Malindi tokea kijana, akakomboa mizigo ya kila namna, na sote tukimwita Mzee. Ami akaingia ofisini ile jioni na uso mkunjufu.

"Mzee, kesho ndege inatua. Rubani keshapeleka mpango wake wa safari, mnara wanazo khabari zake. Mambo yamekwisha."

Mzee akaweka kalamu. "Na forodha kampigia nani?"

"Si nakwambia mnara wanajua?"

"Mnara ni mnara, sheikh. Ule mpango unakwenda kwa waongoza ndege. Wao wanataka kujua yuko wapi angani asigongane na mwenziwe, na akipotea watu waanzie wapi kumtafuta. Forodha anataka kujua nani yumo ndani na kabeba nini, na ile karatasi haimfikii. Asipoambiwa, kesho ataona ndege tu imesimama."

Nimekutana na watu wengi baada ya hapo, wengine ni marubani wazoefu, wanaoamini kwamba mpango wa safari ukishakubaliwa basi nchi nzima imeshajua wanakuja. Ndiyo maana naihadithia khabari hii kila nikipata nafasi.

Simu ya Mzee ilikuwa imechajiwa mchana huo kwenye duka moja la Darajani lenye jenereta, kwa kulipia. Faksi ya ofisi ilikuwa pambo. Kwa hivyo kila kitu kikaenda kwa mdomo: Mzee ananena na yule rubani, Kapteni, aliyeko Mombasa, mimi naandika mbele ya kandili. Herufi za ndege, zinazoanza na 5Y kama ndege zote za Kenya. Aina yake. Inaruka kutoka wapi na itatua wapi. Jina la rubani kama lilivyo ndani ya pasipoti, si kama anavyoitwa na rafiki zake. Namba ya pasipoti, tukiisoma tarakimu moja moja na yeye akituitikia. Watu wangapi. Mzigo gani, thamani gani, na ankara anayo au hana. Mwisho, saa ya kutua.

"Saba kamili," Kapteni akasema.

"Saba ya wapi?" Mzee akamuuliza.

Kumbe alikuwa anasoma kwenye karatasi zake. Marubani huandika saa za Greenwich, wenyewe huziita Zulu, nazo ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu. 0700 ya Kapteni ni 10:00 ya saa ya ukutani, na kwetu hiyo ni saa nne ya asubuhi. Mzee akanambia niandike kwa maneno, "saa nne asubuhi", na nipige mstari chini yake. "Ukimwambia afisa 'saba', mmoja atakuja saa moja na mwengine atakuja saa saba, na ndege itatua hayupo hata mmoja."

Kapteni akauliza kama hakiwezi kile kibao kuandikwa ni spea ya ndege, kipite. Hakuuliza kwa hila. Alidhani spea ni spea. Mzee akamweleza bila ya kukasirika kwamba Mkataba wa Chicago wa 1944 unasamehe ushuru wa mafuta na spea zilizomo ndani ya ndege inayoingia nchi nyengine, lakini kwa sharti kwamba zinabaki ndani na kuondoka nayo. "Hiki kinashuka, mwanangu. Kinashuka na kinabaki Unguja. Basi ni mzigo, na tutauandika mzigo."

Ami naye alikuwa na hoja yake. Ule ndio mwezi ambao ushuru baina ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umefutwa hadi sifuri, na redio ziliisema sana khabari hiyo. Kibao kimenunuliwa Mombasa. Kwa nini kilipiwe? Mzee akamuuliza kimetengenezwa wapi. Uingereza. Basi, akasema, msamaha ni wa bidhaa iliyotokana na nchi za Jumuiya, na kununuliwa Mombasa hakukigeuzi kuwa cha Mombasa. Ami akacheka, akasema lipeni kinachopasa, mimi nataka maji.

Baada ya hapo ndipo Mzee akampigia afisa wa forodha wa zamu pale uwanja wa ndege, akamsomea karatasi yangu yote kutoka juu mpaka chini. Kabla hajakata akamwambia, "Nambie jina lako, bwana, nikuandike." Nikaliandika jina, na mbele yake saa: moja na nusu usiku. Nilidhani ni adabu tu.

Alfajiri nimo njiani kurudi kisimani na ndoo tupu, simu yangu ikalia. Kapteni. "Dada, tumekuwa wawili. Shemeji yake Ami anakuja pia, na kuna katoni ya taa za kuchaji." Akaongeza kwamba shemeji mtu ana wazee wake Chake Chake, na kwa kuwa Pemba wanaipita mkono wa kushoto, anaomba ateremshwe huko kwanza, halafu ndege ije Unguja. Nikampelekea simu Mzee nyumbani kwake, akatoka na msuli na kanzu.

"Pemba hapana," akasema. "Ndege inayotoka nje inatua kwanza kwenye uwanja ulioruhusiwa wa forodha, na kwenu nyinyi huo ni Unguja. Mkishamaliza hapa, mtu wako atakwenda Pemba kwa ndege au kwa meli, shauri yake. Lakini mkigusa Pemba kwanza, hata kwa dakika tano, mmevunja sheria ya forodha ya Jumuiya, ile ya 2004, na ndege inaweza kuzuiliwa." Kisha: "Na msiruke mpaka nikupigieni."

Akajaribu namba ya afisa. Haipatikani. Simu nusu ya mji zilikuwa hazipatikani siku hizo, na betri ya Mzee ilikuwa imebakia kitone kimoja. Akaniangalia. Nikavaa baibui, nikaikunja ile karatasi ya jana nikaiweka kwenye mkoba, nikakimbilia Darajani kupanda 505.

Daladala ilikuwa imejaa watu na madumu. Nilikaa na dumu la mtu mapajani mpaka Kiembesamaki. Uwanjani, ambao siku hizo ulikuwa bado haujaitwa Abeid Amani Karume, zamu ilikuwa imebadilika. Afisa niliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni na daftari kubwa la mistari mbele yake. Nikamwamkia, nikamweleza kuna ndege binafsi inatoka Mombasa, ilikuwa na mtu mmoja na sasa ina wawili, na kuna katoni imeongezeka.

"Nani mlizungumza naye jana?"

Nikatoa karatasi. Nikamsomea jina na saa. Akafungua ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole chini ya mistari, akaikuta: herufi za ndege, jina la Kapteni, AVR moja, saa nne. Mwenziwe aliandika kila kitu. Akapiga mstari juu ya 1, akaandika 2, akaandika jina la shemeji na namba ya pasipoti, akaongeza taa pembeni, akatia sahihi yake na saa. Akaenda mlango wa pili kuwaambia watu wa Uhamiaji, na yule bwana wa afya anayetazama kadi za homa ya manjano. Haikuchukua robo saa. Aliporudi akaniambia, "Mwambieni aje. Na akishasimama asishushe kitu mpaka tumfikie." Akanipa simu ya mezani nimpigie Mzee, naye akampigia Kapteni kwa kile kitone kilichobaki.

Kazi hii ya kuandika jina la mtu na saa mliyozungumza ni ndogo, na wengi wanaidharau. Mimi tokea siku ile sijapata kukata simu ya ofisi yoyote bila ya kuuliza jina.

Ndege ilitua saa nne na dakika chache. Kaskazi ilikuwa inavuma, kwa hivyo ilikuja kutokea kusini, ikayumba kidogo juu ya minazi, ikakaa. Kapteni akazima injini, akabaki ndani na mlango umefungwa, pasipoti mbili na nakala za ile fomu ya tamko la ndege, wenyewe wanaiita jendeki, amezipanga mapajani. Yule afisa akazisoma akiwa amesimama juani. Halafu akaomba kile kiboksi. Akakata gundi kwa ncha ya ufunguo, akatoa kibao kwenye plastiki yake, akakigeuza mpaka akaiona namba iliyopigwa kwenye kibandiko, akailinganisha na ya kwenye ankara, tarakimu moja moja, kama sisi tulivyofanya na pasipoti. Akakirudisha kwa mikono miwili. Nilipenda namna alivyokishika. Alijua ni kitu kinachosubiriwa.

Taa ndizo zilizotuchelewesha. "Za kuuza au zawadi?" Zawadi, shemeji akasema, akaanza kutaja jamaa zake wa Unguja na Pemba kila mmoja na taa yake. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akahesabu taa, akahesabu majina, akamwambia majina yamekwisha na taa hazijesha. Zilizozidi zilipiwe. Shemeji alitaka kubisha, Ami akamshika bega. Mzee, ambaye alikuwa ameshafika, akajaza karatasi za ushuru wa taa na wa kibao, tukalipa, tukapewa risiti zenye mhuri, na kufikia adhuhuri fundi alikuwa anakifunga kibao kwenye jenereta.

Kapteni alilala kwa Ami. Usiku, barazani, akatuhadithia kwamba alisomea urubani Florida, na kwamba Marekani tokea Mei 2009 rubani wa ndege binafsi anatakiwa atume orodha ya watu wake kwa mtandao wa forodha, wanauita eAPIS, si chini ya dakika 60 kabla ya kuruka, na asipotuma kosa la kwanza ni dola 5,000. "Na hata ukishatuma," akasema, "bado unampigia simu forodha wa uwanja unaotua, na usiruke mpaka akubali. Huko nilikuwa nafanya bila ya kukumbushwa. Huku nikaona ni majirani, ni Mombasa na Unguja, watu wale wale." Mzee akamjibu kwamba watu ni wale wale, lakini nchi ni mbili, na anayeruka baina yao anawaaga wa huku na kuwabishia hodi wa kule, kila mara.

Kabla ya kulala Kapteni aliomba namba ya uwanja wa ndege. Akapiga mwenyewe, kwa simu ya Ami iliyochajiwa na jenereta. Akataja herufi za ndege, akasema ataondoka kesho kurudi Mombasa, mtu mmoja tu, mzigo hana, saa mbili na nusu asubuhi, "saa zetu, si Zulu". Akasikiliza. Kisha akaniashiria nimpe kalamu, akauliza, "Na jina lako nani, bwana?"