Wewe ni Mzoefu, Mama

Nimejizuia kuliandika jambo hili kwa sababu ni dogo mno, na wiki yenyewe imekuwa na makubwa: mtoto amezaliwa salama, baba watoto ameletewa barua ya uhamisho nikiwa bado wodini, na wifi yangu ameiahirisha tena ile harusi ambayo nilikwisha kuiandika hapa hadi nikachoka. Hata hivyo, kila ninapoamka usiku kunyonyesha, kinachonijia kichwani si uhamisho wala harusi. Ni mkoba mweupe wa kitambaa, uliochapwa nyayo mbili ndogo ubavuni.

Ilikuwa asubuhi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi aliingia akisukuma kitoroli kilichopangwa mikoba hiyo, na wodi nzima ikajiweka sawa vitandani, kwa maana habari za mikoba zilikuwa zimeingia kabla yake. Alipofika kwangu alisoma kadi, akamtazama mtoto, akatabasamu.

“Huyu ni wa ngapi, mama?”

“Wa tatu.”

“Basi wewe ni mzoefu, mama. Mikoba hii tunawapa wanaojifungua kwa mara ya kwanza.”

Nikasema, “Sawa, sista,” nami nikatabasamu, na kitoroli kikaendelea hadi kitanda cha jirani yangu, binti mpole ambaye usiku kucha alikuwa akiniuliza kama ni kawaida mtoto kupiga chafya. Akaufungua mkoba wake papo hapo na kutandaza vitu juu ya shuka kimoja kimoja: nepi ndogo kabisa, kofia, kipimajoto, pedi za mama, chupa laini ya kujimwagia maji ya uvuguvugu anapojisafisha, na karatasi nene iliyogongwa alama ya wayo wa mwanawe kwa wino. Sikuhitaji hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa labda ile karatasi. Nyumbani kuna sanduku zima la nguo zilizovaliwa na kifunguamimba, zikavaliwa na wa pili, na zilizobaki na vifungo zinamngoja huyu. Wala sikuwa na hasira na muuguzi, aliyekuwa amekesha nasi na ambaye kauli yake ilikuwa ya upole tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini neno lile, “mzoefu”, limekwama kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

Mzoefu wa nini hasa? Ningependa mtu anieleze. Yale maumivu yanayofuata uzazi, mji wa mimba unapojikaza ili urudi katika ukubwa wake wa awali, hayapungui kwa mzoefu. Kwa kawaida huwa makali zaidi kwa mama aliyekwisha kuzaa kuliko kwa anayezaa mara ya kwanza, na huzidi mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonya huuamsha mwili utoe homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoukaza mji wa mimba. Usiku ule jirani yangu alikuwa akinyonyesha huku akimwimbia mtoto. Mimi nilikuwa nikinyonyesha huku nimeuma ncha ya kanga. Kama zawadi zingegawiwa kwa kipimo cha maumivu, kitoroli kingesimama kwangu kwanza, na pengine kingeachwa hapo hapo.

Tangu hapo nimeyatunga upya mazungumzo yale kwa namna nyingi. Katika namna moja ninamuuliza muuguzi, kwa adabu, kama uzoefu unavalishwa mtoto badala ya nepi. Katika nyingine ninanyamaza kwa heshima kubwa, ananyamaza naye, kisha anarudi mwenyewe akiwa na mkoba. Jibu lililo bora kuliko yote lilikuja usiku, nikiwa nimekwisha kufika nyumbani na halina tena kazi: “Mimi ni mzoefu, sista, lakini huyu hajawahi kuzaliwa.” Nilimwamsha baba watoto ili nimwambie. Alicheka hadi akamwamsha mtoto, kisha, tulipokuwa tukimbembeleza, akauliza swali ambalo sikulipenda: “Kwani ulitaka nini ndani ya mkoba ule?”

Wanaojua kazi yangu ya kuhariri miongozo ya lishe hawatashangaa kusikia kwamba badala ya kumjibu nilianza kusoma, simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Nilianza na Ufini, kwa kuwa ukitaja zawadi za wazazi lazima upitie Ufini. Huko anayetoa si hospitali bali serikali, na sanduku lao la uzazi lilianza kutolewa mwaka 1938 kwa kina mama wenye kipato kidogo. Mwaka 1949 likawa la kila mama, kwa sharti kwamba awe ameonana na daktari au kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kumalizika. Ninaipenda zawadi ya namna hiyo, inayomvuta mama hadi mahali anapohitaji kufika. Ndani yake mna nguo, matandiko na godoro dogo, na sanduku lenyewe la kadibodi likiisha kufunguliwa linaweza kuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Uskoti nayo ilianza kutoa sanduku lake mwaka 2017, kwa kila mtoto anayezaliwa. Kwa kila mtoto! Nilimsomea baba watoto sentensi hiyo kwa sauti. Ila Ufini wana jambo jingine lililonichekesha: mama anaweza kuchagua fedha badala ya sanduku, na wanaochagua sanduku kwa wingi ni wale wa mara ya kwanza, ilhali wenye watoto wengine mara nyingi huchukua fedha. Kwa hiyo hata Ufini wazoefu wanafahamika. Tofauti ni kwamba wao huulizwa wanataka kipi.

Kusoma huko ndiko kulikonirudisha kwenye mkoba wangu wa zamani, kwa sababu mimi nami niliwahi kuupata, kifunguamimba alipozaliwa, katika hospitali nyingine. Ulikuwa mzuri kuliko huu, wa plastiki inayong'aa, wenye mifuko ya pembeni ya kuwekea chupa, na ndani yake mlikuwa na kopo dogo la maziwa ya unga. Nililiona kama tendo la huruma. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa mezani kuhariri mwongozo wa unyonyeshaji, ndipo nilipotambua kwamba hospitali ile haikunipa kitu. Ilikuwa imekubali tu mkono wake utumiwe na kampuni ya maziwa. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha tangu mwaka 1981 kanuni inayowataka watengenezaji wasiwape kina mama sampuli za bure za maziwa mbadala, wala zawadi za kuyatangaza, na mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ili wodi za uzazi zenyewe ziache kuwa njia ya kuyatangaza maziwa hayo. Marekani, ambako mifuko ya namna hiyo ilikuwa jambo la kawaida, hospitali zote za uzazi za jimbo la Rhode Island ziliacha kuigawa mwaka 2011, nalo likawa jimbo la kwanza kufanya hivyo.

Sababu yake haina siri. Maziwa ya mama huja kwa kadiri yanavyotolewa: mtoto akinyonya mara nyingi yanaongezeka, akishibishwa kwa chupa ananyonya kidogo na mwili unapunguza. Kopo la bure huisha baada ya siku chache, na kufikia hapo maziwa ya mama yamekwisha kupungua na la pili linauzwa. Mama anayehitaji kweli maziwa ya kopo, nao wapo, anastahili kuelekezwa na mhudumu wa afya, si na kampuni iliyojificha ndani ya mfuko wenye utepe.

Basi nikaukumbuka tena mkoba mweupe, safari hii kwa jicho la kazi. Haukuwa na jina la kampuni yoyote. Hakukuwa na kopo. Vitu vyote vilikuwa vya kawaida, vimekunjwa kwa mkono, na kile cha kujisafishia nimewahi kuwaona kina mama wakikitafuta bila kukipata. Hospitali ile inavinunua kwa fedha yake, na fedha ikiwa haitoshi watu wote, ni nani mwingine apewe kabla ya binti anayeogopa chafya? Sijasema kwamba nimeridhika na jibu hilo. Nimesema tu kwamba nimeshindwa kupata lililo bora zaidi, na muuguzi hakuwa na nafasi ya kunieleza haya yote huku kitoroli kikimngoja.

Isitoshe, donge hili lilikuwa limenifunikia jambo jingine ambalo ningepaswa kulitanguliza. Jioni ya kabla ya kuruhusiwa, hospitali ile huwaandalia wazazi mlo wa pongezi, wa watu wawili, kwenye meza ndogo inayosogezwa hadi kitandani na kutandikwa kitambaa safi, pamoja na kadi iliyosainiwa na wakunga wa zamu. Baba watoto alikuwa nyumbani na wale wawili, kwa hiyo nilimwambia mama wa jikoni kwamba niko peke yangu, aondoe sahani moja.

“Zimeandikwa mbili,” akasema, “na mbili zinabaki.”

Nikala zote mbili. Nilikula chakula cha moto tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, bila mtu kupanda magotini mwangu, bila kukata kitu vipande vidogo kwa ajili ya mwingine, huku mtoto amelala na wodi imetulia, na sahani ya pili niliila taratibu zaidi kuliko ya kwanza kwa sababu njaa ilikuwa imekwisha na kilichobaki kilikuwa anasa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokula hivyo. Mama wa jikoni aliporudi aliziona sahani tupu, akapiga kofi moja la furaha, akaenda zake. Kadi bado ninayo. Mkunga mmoja amechora moyo pembeni ya saini yake, wa haraka haraka, umepinda. Nimemwambia baba watoto kwamba mlo ulikuwa mzuri. Habari za sahani yake atazisoma hapa.

Jambo jingine, na sijui hata kwa nini ninaliandika usiku huu. Baba amepiga simu jioni kutupongeza. Aliuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, nikamwambia, akafurahi sana, akaniombea dua ndefu. Kabla ya kukata simu aliuliza tena, kwa furaha ile ile, kana kwamba hatujazungumza. Mtandao ulikuwa ukikatika-katika, na huenda hakunisikia mara ya kwanza. Kesho nitampigia kaka nimuulize kama naye ameona kitu.