Busha lililorudi mara mbili

Busha la kulia la mgonjwa wetu lilikuwa limekwisha nyonywa kwa sindano mara mbili, likajaa tena mara mbili. Mara ya pili maji yalitoka na damu. Maji ya busha la kawaida huwa ya manjano, na ukilimulika kwa tochi gizani hung'aa kama taa ya kioo. Lake lilibaki giza tupu.

Ultrasaundi ilionyesha korodani nzima, ila utando unaoizunguka ulikuwa umeota vinyama vidogo, na Dopla, ultrasaundi inayofuata mwendo wa damu, ikaonyesha damu ikipita ndani ya vinyama hivyo. Vipimo vya damu vya AFP, beta-HCG na LDH havikupanda. Hilo halikututuliza, maana vipimo hivyo huwinda saratani za seli za mbegu, si za utando.

Ubishi ukawa tupitie wapi. Busha hupasuliwa kwenye mfuko wa pumbu, na mkono wa mpasuaji hukimbilia huko kwa mazoea. Lakini limfu ya korodani, majimaji yanayoweza kubeba seli za saratani, hupanda hadi tezi za kando ya aota, mshipa mkuu wa damu tumboni, ilhali ya ngozi ya pumbu huishia kinenani; ukikata ngozi hiyo unaifungulia saratani njia ya pili. Tukapasua kinena. Kamba ya manii tuliibana kwanza kwenye tundu la ndani la kinena, ndipo tukaivuta korodani juu pamoja na busha lake, bila kulitoboa. Kamba ikafungwa kwa nyuzi zisizoyeyuka, mikia ikaachwa mirefu ili ionekane iwapo tumbo litafunguliwa siku nyingine. Ngozi ya pumbu ilipopita sindano nayo ikaondolewa, maana hapo njia ilikwisha funguliwa.

Fomalini ya 10%, dawa ya kuhifadhi nyama isioze hadi maabara, inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa kilichokatwa, hivyo tulitafuta ndoo. Kichupa kingeozesha katikati.

Jibu likawa mesothelioma, saratani ya utando, hapa utando wa korodani: kwenye rangi za maabara za kutambua aina ya seli, zilishika kalretinini na WT1, zikaikataa CEA. Akaulizwa kuhusu asbesto, madini yanayojulikana kuleta mesothelioma. Hakuwahi kuishika, na si yeye peke yake. Wagonjwa wengi wa aina hii hawana historia hiyo.

Kingo za kilichokatwa hazikuwa na saratani, na siti skani ya kifua, tumbo na nyonga haikuonyesha kitu. Pemetreksedi na sisplatini, dawa zilizoazimwa kutoka mesothelioma ya utando wa mapafu, tukaziweka akiba. Kilichobaki ni kupapasa kinena na kurudia skani, kwa miaka.

Maji ya zile sindano mbili yalimwagwa. Hata yangefika maabara, mara nyingi seli hizi hazionekani ndani ya maji. Huwa zimeng'ang'ania ukutani.